Matabishi chini ya ngazi: huduma ya kiti cha magurudumu kutoka Luano, na nani apewe nini

Anayesafiri kwa kiti cha magurudumu kutoka Lubumbashi huombwa matabishi, yaani bakshishi, mahali pabaya kuliko pote: chini ya ngazi ya ndege. Mizigo imekwisha kuingia, kiti chake mwenyewe kimekwisha kuchukuliwa, mlango uko juu, na mikono itakayombeba iko mbele yake. Hapo ndipo sauti ya upole inasema, "Papa, utuachieko ya sukre." Maneno ni matamu, na aliyeyasema huenda ni kijana mwema. Lakini asiyeweza kupanda mwenyewe hana nafasi ya kusema hapana akiwa hapo, na pesa iliyotoka bila nafasi ya kukataa haiwezi kuitwa shukrani.

Tathmini hii inapima huduma nzima, kutoka ajansi ya tiketi hadi teksi ya kurudia nyumbani, kwa Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, na kwa uwanja wowote ambako abiria anapanda kwa ngazi. Kazi ya mikono tunaisifu. Watu wawili wanaompandisha mtu wa kilo 80 hadi mlangoni bila kumgonga popote wanajua wanachofanya. Utaratibu wa kuomba huduma ni mzuri kwa anayeujua na ni mtego kwa asiyeujua. Saa ambayo matabishi yanaombwa ndiyo inayoharibu yote mengine, na dawa yake kwa sehemu kubwa iko mikononi mwa abiria, kabla hajatoka nyumbani.

Tuanze na tiketi, maana yenyewe imekwisha kulipa. Kusukumwa, kupandishwa, kuketishwa na kushushwa havina bei ya pembeni. Ulaya, kanuni namba 1107 ya mwaka 2006 inaweka jukumu hilo juu ya uwanja wa ndege wenyewe, bila malipo kwa abiria mwenye ulemavu, na gharama inagawanywa kwa abiria wote kupitia kampuni za ndege. Marekani, sheria ya mwaka 1986 inaliweka jukumu juu ya kampuni ya ndege, nayo pia hairuhusiwi kutoza. Kwetu Congo, ibara ya 49 ya katiba inampa mtu mwenye ulemavu haki ya hatua za pekee za ulinzi, na tangu tarehe 3 Mei 2022 kuna sheria namba 22/003 ya kulinda na kuendeleza haki za watu wenye ulemavu. Kwa hiyo mtu akikutajia "bei ya kiti", jibu ni fupi: hakuna bei ya kiti. Anayetaja bei ama hajui, ama anajua vizuri sana.

Sasa kosa linalozaa matabishi ya kulazimishwa. Linafanyika wiki mbili kabla ya safari, kwenye ajansi. Abiria anasema "niwekeeni kiti cha magurudumu", mfanyakazi anaandika WCHR, wote wanaachana wameridhika. Kumbe WCHR ni ya mtu anayeweza kupanda ngazi na kutembea hadi kiti chake, ila umbali mrefu unamshinda. Mama mzee mwenye magoti mabaya ni WCHR. Asiyeweza ngazi, lakini akifika mlangoni anajikokota mwenyewe hadi kiti chake, ni WCHS. Asiyeweza kusimama kabisa, wa kubebwa hadi aketishwe, ni WCHC.

Ile herufi ya mwisho ndiyo inayoamua watu wangapi watakungoja. Kwa R anakuja msukumaji mmoja. Kwa C wanapaswa kuja wabebaji wawili au zaidi, pamoja na kile kiti chembamba cha kupitia katikati ya viti vya ndege, kwa sababu njia ya ndani ya Boeing 737 au Airbus A320 ina upana wa karibu nusu mita tu, na kiti cha kawaida cha magurudumu kina sentimita 60 na zaidi. Ukiandikwa R nawe ni C, wabebaji wanaokotwa pale pale tarmaki, kati ya wapakia mizigo. Hao hawakupangiwa kazi hiyo, hawakufundishwa, na mgongo ni wao. Wakidai kitu, wana sababu. Herufi iliyokosewa ajansi inalipwa chini ya ngazi.

Usitoke ajansi bila kuuona mstari wenyewe kwenye skrini. Baada ya WCHC panatakiwa kuandikwa HK1: HK ni alama kwamba kampuni imekubali, na 1 ni abiria mmoja. Ukiona NN au HN, ombi limetumwa tu, jibu halijarudi. Ukiona UC, limekataliwa, na hapo unatafuta ndege nyingine au unapiga simu kwa kampuni yenyewe. Piga picha ya mstari huo kwa simu. Kama safari ina ndege mbili, mstari lazima uwepo kwa kila kipande, hasa pale ndege ya pili ni ya kampuni nyingine. Mara nyingi kipande cha kwanza kina HK na cha pili hakina kitu, na abiria anaachwa mlangoni mwa ndege kwenye mji asioujua. Ombi liingie angalau saa 48 kabla ya kuruka. Siku ya safari ufike saa tatu kabla, maana anayechelewa anabebwa haraka, na kubebwa haraka ndiko kunakovunja watu. Cheti cha daktari, ile fomu inayoitwa MEDIF, kwa kawaida si kwa ajili ya ulemavu wa siku zote. Ni kwa mwenye kuhitaji oksijeni, machela, au aliyetoka kupasuliwa karibuni. Ila kampuni nyingine hudai msindikizaji kwa mtu asiyeweza kujiondoa mwenyewe hatari ikitokea. Hilo liulizwe siku ya kununua, lisisubiri siku ya kuruka.

Ukifika uwanjani, jambo la kwanza ni kujua nani ni nani, kwa sababu wote watakuja kwa pamoja na wote watashika kiti.

Protokole anauza muda. Anajua foleni, anajua maafisa, anapitisha karatasi. Hiyo ni biashara yenye bei inayopatanwa kabla, na anayemtaka amlipe walivyopatana. Lakini protokole si msaidizi wa kiti, na ukimwacha akusukume atakupa hesabu moja ya kazi mbili. Bagajisti anabeba masanduku, naye huishi kwa kile anachopewa kwa kila mzigo, kwa hiyo umlipe mzigo. Mwenye beji ya kampuni ya ndege au ya mkandarasi wake, aliyetumwa na gishe, lile dawati la kampuni la kupokea abiria, kwa jina lako, huyo ndiye wa huduma yako. Afisa wa uhamiaji, wa forodha au wa usalama ni mtumishi wa serikali. Falanga inayopita mikononi mwake hata ikiitwa ya maji ni rushwa, na kiti cha magurudumu hakiigeuzi kuwa kitu kingine.

Ujanja unaofanya kazi ni mdogo tu: usikubali mkono wowote kwenye vishikio vya kiti chako kabla hujafika gishe. Msindikizaji wako au dereva wa teksi akusukume hadi pale, uonyeshe ile picha ya HK, na useme kwa sauti ya wazi, "Nangoja msaidizi wa kampuni." Akija, msome jina kwenye beji na umwite kwa jina hilo. Anayeitwa kwa jina mbele ya wenzake hufanya kazi tofauti na anayeitwa "we kijana".

Pasipoti, kadi ya njano ya chanjo na Go-Pass, ile risiti ya kodi ya uwanja, viwe kwenye pochi ya kuning'iniza shingoni, chini ya shati. Mtu atajitolea kuvipeleka dirishani ili usipate taabu. Mwambie kwa heshima kwamba mtaenda wote. Nyaraka zilizokwenda bila mwenyewe ndizo zinazorudi na bei.

Sasa ngazi yenyewe, ambako tunataka msomaji akae kidogo.

Mlango wa mbele wa Boeing 737 uko karibu mita 2.7 juu ya lami. Wa Airbus A320 uko karibu mita 3.4. Viwanja vyenye gari la kunyanyulia vinampandisha abiria ndani ya kijumba kinachoinuka hadi mlangoni, na hakuna anayebeba mtu. Pasipo gari hilo, mtu anafungwa kwenye kiti chembamba na kubebwa ngazi moja baada ya nyingine. Mikanda ni mitatu: kifuani, kiunoni na miguuni. Wa miguuni ndio unaosahaulika, na mguu usio na hisia ukining'inia unagonga kila ukingo wa chuma hadi juu bila mwenyewe kujua. Viatu vifungwe kamba vizuri. Mikono ya abiria ikunjwe kifuani, kwa sababu silika ya mtu akiyumba ni kushika reli ya ngazi, na akiishika anawavuta wabebaji wote upande.

Kiti kinapanda kwa mgongo. Abiria anatazama chini alikotoka, kiti kimelazwa kidogo nyuma, na mbebaji mwenye nguvu zaidi yuko juu ameshika vishikio vya mgongoni. Wa chini anashika fremu, zile bomba zilizounganishwa kwa kuchomelewa. Asishike vikanyagio wala mikono ya kiti, kwa sababu hivyo vinachomoka. Kuchomoka kwa mkono wa kiti katikati ya ngazi ni ajali ya kawaida na inazuilika kabisa: kabla ya kuinuliwa, wewe mwenyewe vuta kila sehemu juu kwa mkono wako mbele yao, waone kinachotoka na kisichotoka. Mmoja ahesabu, wengine wafuate. Wasiohesabu wanainua kwa nyakati mbili, na kiti kinapinda. Kushuka ni vilevile, mgongo wa kiti ubaki upande wa juu, abiria atangulie miguu. Kwa mtu mzito wabebaji wawe wanne. Msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili, ngazi ya chuma ni sabuni. Omba ifutwe, na usione haya kusubiri dakika kumi wingu lipite.

Ndani ya ndege, kuhama kutoka kiti chembamba hadi kiti cha abiria kunafanywa na wawili. Mrefu anasimama nyuma, anapitisha mikono yake chini ya makwapa ya abiria na kushika mikono ya abiria iliyokunjwa kifuani, karibu na vifundo. Wa pili anabeba chini ya mapaja, si chini ya magoti. Anayekuinua kwa kukushika makwapa peke yake anaweza kulitengua bega, hasa kwa mtu aliyepooza upande mmoja. Mkono wa kiti cha pembezoni mwa njia unaonekana kama hauinuki, lakini kwenye ndege nyingi kuna kitufe kidogo upande wa chini, nyuma kabisa karibu na bawaba. Mhudumu wa ndege anakijua, mbebaji mara nyingi hakijui. Mkono huo ukiinuka, abiria anatelezeshwa badala ya kurushwa juu ya ukuta, na kitenge kilichokunjwa mara mbili chini ya mapaja kinasaidia mtelezo huo. Mto wako wa kukalia usiende tumboni mwa ndege. Ukalie. Kama ni wa hewa, punguza hewa kidogo, kwa sababu shinikizo la ndani ya ndege ni dogo kuliko la ardhini na mto unavimba.

Yote hayo yanaelezwa chini, kabla ya kuinuliwa, kwa sentensi tatu au nne. Wabebaji wengi wanapenda kuelekezwa, wanaacha kuogopa. Na hapo ndipo lile ombi la sukre linapokuja.

Jibu tunalopendekeza ni hili, kwa lugha ya mji huu: "Tufike kwanza, tutaonana kule juu." Halina hasira, halina ahadi ya kiasi, na linahamisha mazungumzo hadi mahali ambapo umeketi na mkanda umefungwa. Wengi wanacheka na kuinua. Akiendelea kusubiri mkono, mwite mhudumu wa ndege kwa jicho au kwa sauti na useme tu, "Niko tayari kupanda." Ndege yenye ratiba haingoji sukre. Usitoe noti chini ya ngazi hata kama unazo nyingi na moyo ni mweupe, kwa sababu ya anayekuja nyuma yako. Anaweza kuwa mama wa mtaa wa Katuba anayekwenda kutibiwa kwa michango ya kanisa, mwenye falanga ya teksi tu upande wa pili. Noti yako ya chini ya ngazi ndiyo itakayofanywa kipimo chake.

Wapo wanaosema usitoe kabisa, popote, kwa sababu haki ikishalipiwa inageuka bidhaa. Tunawasikia, na kwa upande wa hesabu wana nguvu. Safari ya matibabu Johannesburg kwenda na kurudi ina hatua nane za kusaidiwa: kusukumwa hadi ndege, kupandishwa, kushushwa, kusukumwa hadi nje, na yote hayo tena wakati wa kurudi. Dola 5 kwa kila hatua ni dola 40. Jirani yako wa kiti, mwenye miguu mizima, hakuombwa hata moja. Hiyo ni kodi ya ulemavu, hata kama kila anayeipokea ni mwema.

Lakini Lubumbashi mtu aliyesaidia kusukuma gari lililozama tope anapewa kitu, na hakuna anayesema amenunuliwa. Kumnyima shukrani aliyekubeba mwili wako mzima, eti kwa ajili ya kanuni, kunatuonekea ukavu usiofaa. Kwa hiyo tunasema toa, ukiwa nacho, na utoe kazi ikiisha. Kwa wabebaji, kazi inaisha ukiwa umeketi na mkanda umefungwa. Kwa msukumaji, inaisha mlangoni mwa teksi. Asiyekuwa nacho asitoe na asijieleze.

Kiasi: kwa msukumaji wa Luano, 2,000 hadi 5,000 FC (falanga za Congo) zinatosha. Kwa wabebaji wa ngazi, 5,000 FC kila mmoja, na wakiwa wanne, wote wanne. Mpe kila mtu mkononi mwake. Ukimpa mmoja "mgawane", umeacha ugomvi nyuma yako na atakayelipia ni abiria wa kesho. Kwa aliyefanya zaidi ya kazi yake, mfano aliyekaa nawe saa tatu ndege ilipochelewa na kukupeleka chooni mara mbili, 10,000 FC si nyingi. Zaidi ya hapo hatushauri. Noti ziandaliwe nyumbani, zikunjwe moja moja, mfuko wa kushoto, mbali na pochi. Anayefungua pochi mbele ya watu watatu ameshafungua mjadala. Dola zina taabu yake: noti ya dola yenye mchaniko mdogo au doa inakataliwa kila duka la mji huu, kwa hiyo kumpa mtu dola moja iliyochoka ni kumpa kazi ya kutafuta atakayeipokea. Falanga za Congo ni bora. Akiwa na M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, chukua namba yake na umtumie ukiwa umeketi. Njia hiyo ina faida ambayo noti haina: hakuna anayeona, kwa hiyo hakuna kipimo kinachowekwa kwa mwingine.

Na kuna kitu kinachozidi 5,000 FC ambacho hakigharimu kitu: barua fupi kwa kampuni ya ndege yenye jina la kwenye beji, tarehe, namba ya ndege na kile alichofanya. Msaidizi hupimwa na bosi kwa malalamiko, sifa haimfikii. Anayeandikwa vizuri mara mbili ana neno la kusema siku mkataba unapoisha. Wenye uwezo wa kutoa noti waandike pia. Wasio na uwezo wa noti, hii ndiyo zawadi yao.

Nje ya Congo desturi inageuka. Johannesburg, ambako Airlink inatua kutoka Luano, randi 10 hadi 20 mwishoni ni kiasi cha kawaida kwa msaidizi, na hakuna aibu usipotoa. Addis Ababa, ambako wengi wanaunganisha na Ethiopian, shida ya abiria ni muda zaidi kuliko pesa: wa kiti hushuka wa mwisho, kwa hiyo nafasi ya chini ya saa mbili kati ya ndege mbili ni ya kukataa siku ya kununua tiketi. Ulaya, asante ya mdomo inatosha. Ukitoa yuro 2 au 5, wengine watapokea, wengine watakataa kwa sababu mwajiri amewakataza. Akikataa usimsukumizie, utamponza. Japani usitoe kabisa, unamtia mtu katika taabu ya kukurudishia.

Marekani ndiko tunakobadilisha ushauri. Sheria ya shirikisho kule inaruhusu mwajiri kumlipa mfanyakazi wa matabishi dola 2.13 kwa saa badala ya 7.25, ilimradi matabishi yajaze pengo, na wapo wasukuma viti wa viwanja vya ndege waliowekwa katika kundi hilo. Kule dola 3 hadi 5 kwa msukumaji, mwishoni, ni sehemu ya mshahara wake. Ubaya ni wa mwajiri, lakini usimwadhibu msukumaji kwa ajili yake.

Kiti chako mwenyewe ndicho mguu wako, na kinataka ulinzi zaidi ya sanduku lolote. Omba kisafiri hadi mlangoni mwa ndege na kirudishwe mlangoni mwa ndege, na lebo yake iandikwe hivyo. Kikiachwa kwenye gishe, utakaa saa mbili kwenye kiti cha uwanja kisicholingana na mgongo wako. Kabla ya kukitoa, chomoa vikanyagio, mto, vizuizi vya pembeni na kila kinachochomoka, weka kwenye mfuko wa kitambaa na uingie nao ndani. Piga picha nne: mbele, nyuma, na pande mbili. Bandika karatasi yenye maneno makubwa ya Kifaransa na Kiingereza: wapi pa kushika, wapi pasishikwe, breki ziko wapi.

Kiti cha umeme kinaangaliwa betri. Zidisha volti kwa ampea-saa: betri ya lithiamu ya volti 24 na ampea-saa 10 ni wati-saa 240, inapita. Ya 24 kwa 20 ni 480, haipiti kama ni ya kuchomolewa, kwa sababu mwisho wa betri moja ya kuchomolewa ni wati-saa 300, au mbili za 160 kila moja. Betri iliyochomolewa inaingia nawe ndani, ncha zake zimefunikwa kwa utepe. Kampuni ijulishwe mapema, siku ile ile ya kuomba WCHC. Matabishi hayapitishi betri, na atakayesema yanapitisha anakudanganya: rubani akiikataa inabaki Luano.

Asiyeona huandikwa BLND, asiyesikia DEAF, na wote wawili hukosewa kwa njia moja: wanaletewa kiti cha magurudumu wasichokihitaji, kisha wanaombwa matabishi ya kusukumwa. Asiyeona ana haki ya kuongozwa akitembea, akiwa ameshika kiwiko cha msaidizi, na kukataa kiti si utovu wa adabu. Noti zake azikunje kwa namna anayoijua kwa vidole, 5,000 mara mbili na 1,000 mara moja, asimwombe mtu amtolee. Asiyesikia abebe kadi yenye sentensi mbili: kwamba hasikii, na kwamba matangazo ya lango aonyeshwe kwa maandishi.

Kurudi Luano, subira inahitajika zaidi, maana wa kiti ni wa mwisho kushuka na wabebaji wamechoka. Usiruhusu kushushwa kabla hujaona kiti chako kimeletwa chini ya ngazi. Kama kimepelekwa kwenye mkanda wa mizigo, kaa ndani hadi kiletwe. Kikifika, usiwe na haraka ya kumshukuru mtu. Kizungushe kila gurudumu, funga na fungua breki, kilinganishe na zile picha nne. Kikiwa kimepinda, usitoke nje kabla ya kuandikisha fomu ya uharibifu kwenye dawati la mizigo. Kwa safari za kimataifa, Mkataba wa Montreal wa 1999 unakupa siku 7 za kulalamika kwa maandishi, na kiwango cha juu cha fidia tangu Desemba 2024 ni SDR 1,519 (SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF) kwa abiria, isipokuwa ulitangaza thamani kubwa zaidi kwenye gishe siku ya kuondoka. Kiti cha umeme kinazidi kiasi hicho kwa urahisi, kwa hiyo tamko hilo lifanywe.

Kiti kikiwa kizima, acha msaidizi akusukume kupita uhamiaji, kadi ya njano na forodha hadi nje kwenye teksi. Hakikisha mto uko chini yako na mfuko wa vikanyagio uko mapajani. Ndipo utoe ile noti ya mwisho ya mfuko wa kushoto, umwekee mkononi, na umwite kwa jina lililo kwenye beji yake.